Vikapu vya Zamu

Mama alikuwa akisuka vikapu vya mkonge na kuviuza stesheni ya Kilosa, treni iliposimama. Rangi nyeusi aliipata kwa kufukia nyuzi kwenye tope la mto Mkondoa pamoja na magome aliyoyachagua mwenyewe. Vikapu hivyo ndivyo vilivyotulisha, maana jembe hakuliweza. Mgongo wake ulikuwa umeharibika tangu usichana, alipokuwa akibeba matita ya mkonge mashambani pamoja na baba yake.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, upande wa Chanzuru, kamati iliona kikapu chake kimoja ikapata wazo. Wanawake wote wafundishwe, kijiji kiuze Mikumi, kwa watalii wanaokuja kutazama tembo. Mama alifurahi mno. Alifundisha kila kitu, hata magome, bila kubakiza. Sitasema alidanganywa. Wazo lilikuwa zuri, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kilichotuponza ni zamu. Kwetu kila kazi ilikwenda kwa zamu, iwe shamba la pamba au kuteka maji, na hakuna aliyefikiri kikapu kingekuwa tofauti. Kipande cha reli kilipogongwa, uliweka chini ulichoanza, mwenzako akakiendeleza. Nami nilikuwa miongoni mwa wasukaji. Mkono wangu ulilegea. Jirani yangu alikaza kama anayefunga mbuzi mkorofi. Vikapu vikatoka vimepinda, havisimami. Mama akaomba kila mtu amalize chake. Mwenyekiti wa kijiji akacheka. "Mama, hapa hakuna cha mtu," akamwambia, na maneno yakaishia hapo.

Lori lilivipeleka Mikumi, likarudi navyo. Mwenye duka la huko alibakiza kimoja tu, kile cha mfano, alichosuka mama peke yake tangu kitako hadi mdomo. Mkutanoni mwenyekiti akatueleza kwamba mwenye duka anamtafuta aliyekisuka, ampe kazi ya kusuka vingine.

"Nimemjibu hakuna mtu huyo," akasema. "Nimemwambia kimesukwa na kijiji. Au nimekosea, akina mama?"

Nikamgusa mama kiunoni. Wanawake wote walikuwa wakimtazama, na naamini angesema neno moja tu wangemuunga mkono. Mama akaitazama mikono yake.

"Hujakosea, mwenyekiti," akasema.

Nilimkasirikia, nikatembea mbele yake njia nzima.

Vikapu vilivyopinda tuligawana, tukabebea mahindi. Kikundi kikavunjwa, wote turudi shambani, na kusuka nyumbani ili kuuza kukaitwa ubinafsi. Asubuhi iliyofuata nilimsikia mama akiamka kabla reli haijagongwa. Nikadhani anakwenda mtoni kufukua nyuzi zake zilizobaki kwenye tope, nikaamka nimfuate. Nilimkuta uani, mkono mmoja mgongoni, anajaribu mpini wa jembe.