Chupa ya Maji Matupu

Nakumbuka Jumamosi moja ya masika, mwanangu, nimesimama mbele ya wazazi wa shule nzima, mezani kwangu kuna chupa tatu za maharage, na zote tatu zimeniaibisha kwa pamoja. Leo nikisimulia nacheka mpaka kikohozi kinanishika. Siku ile nilitamani ukungu wa Mlima Meru ushuke unifunike nisionekane.

Nimeikumbuka kwa sababu mjukuu wangu Neema, ninayeishi naye hapa Olasiti, amepanga chupa zake dirishani jikoni na kunionya nisiziguse. Nilimwambia mtoto, mimi ndiye wa mwisho katika ukoo huu wa kuonywa hivyo.

Kwetu ni juu mlimani, kahawa chini ya migomba, mji wa Arusha unauona kule bondeni ukimeremeta mabati. Kahawa tuliilima, sisi wenyewe tukanywa chai. Bibi yangu, mama mzazi wa baba, alikuwa akibakiza kidogo tu ya kukaanga, ya wageni. Na bibi huyo alikuwa na sheria moja isiyo na rufaa: kitu kikishaingia jikoni kwake, kinagawiwa sawa. Loshoro, yaani mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando, aliipima kwa kibuyu kimoja kwa mkubwa na mdogo. Akipewa pipi moja kanisani aliipondaponda kwa mchi, kila mjukuu akalamba unga wake kiganjani. Ukimwambia fulani amezidishiwa, alikusanya vya wote, akavirudisha chunguni, akaanza kugawa upya. Tulijifunza kunyamaza.

Basi nilipokuwa kidato cha nne alikuja mwalimu wa baiolojia kutoka Tanga, Mwalimu Halima. Alitufundisha kwamba mbegu ni kiumbe hai, ikishalowa inapumua kama wewe na mimi, na pumzi yake unaweza kuiona. Unachukua maji ya chokaa yaliyochujwa yakawa safi, unayaweka katika kifuniko kidogo ndani ya chupa pamoja na mbegu, unaziba. Mbegu zikipumua, yale maji yanageuka meupe, mithili ya chai iliyotiwa tone la maziwa. Zikipumua kwa nguvu yanageuka upesi, zikipumua kwa uvivu yanachelewa. Kisha akatutupia swali: kahawa ina kafeini, nayo humwamsha mtu. Je, mbegu nayo ukiipa kahawa itaamka zaidi?

Mwanangu, swali lile lilinikaa kichwani kama mwiba wa kidole, huuoni lakini kila unachoshika unakukumbusha. Nikasema kazi hiyo ni yangu, nitaionyesha siku ya wazazi. Na nilikuwa na sababu nyingine. Baba alikwishaamua kwamba nikimaliza kidato cha nne nashuka Ngarenaro, kwenye gereji ya mjomba, nikafunge na kufungua injini. Gereji si kazi mbaya, nami siidharau. Lakini mimi nilitaka kuendelea na shule, nilitaka hadi nikawa naota. Mwalimu Halima alimwomba baba kitu kimoja tu: aje kwanza siku ya wazazi aone mwanawe anafanya nini, kisha aamue. Kwa hiyo chupa zile ndizo zilizokuwa wakili wangu.

Alhamisi jioni nikaloweka maharage mekundu katika mabakuli matatu. La kwanza maji matupu, la pili kahawa nyepesi, la tatu kahawa nzito nyeusi tii. Nikayapanga jikoni kwa bibi, karibu na moto, mbegu zisipate baridi ya mlimani. Bibi akaniuliza, "Hizi ni za nini, baba?" Alizoea kuniita baba kwa kuwa nimebeba jina la mumewe, na mumewe alimwita hivyo. Nami, ujuzi wa wiki mbili ukiwa umenijaa kifuani, nikamjibu kwamba ni mambo ya shule, hawezi kuyaelewa. Akaguna, akaendelea kuchochea moto wake.

Asubuhi nilikuta maharage yamevimba vizuri. Maji ya bakuli la kwanza nayo yalikuwa ya hudhurungi, lakini nani asiyejua kwamba maharage mekundu hutoa rangi? Nikamwaga maji, nikaviringisha kila fungu katika kitambaa chake kibichi, na Jumamosi nikashuka nayo shuleni, nimeyabeba kwa tahadhari kama mayai ya kuku wa jirani.

Nilijaza chupa zangu mgeni rasmi alipoanza kuhutubia. Wageni rasmi wa kwetu wakishika kipaza sauti hawakiachi, na kwa jaribio langu hiyo ilikuwa neema. Alipofika kwenye shukrani, mbegu zilikuwa zimepata muda wa kutosha. Nikaitwa. Nikaeleza kwa Kiswahili cha kitabuni, mikono nyuma. Baba yuko safu ya pili, amekunja mikono. Bibi yuko mbele kabisa, na kitenge chake cha Pasaka. Nikatangaza kwamba sasa tutaona tofauti kati ya chupa ya maji, ya kahawa nyepesi na ya kahawa nzito.

Tukatazama. Maji ya chokaa katika chupa zote tatu yalikuwa na weupe uleule. Hakuna iliyotangulia, hakuna iliyobaki nyuma. Nikainua moja, nikainua nyingine, nikazigeuza juani. Mzazi mmoja nyuma akauliza kwa upole hiyo tofauti iko upande gani. Nilimwona baba akitazama chini, na moyoni nikasema tayari, nimeshafika Ngarenaro.

Ndipo bibi akasimama. Alidhani nimeulizwa jambo ambalo yeye ndiye mwenye jibu lake. Akasema kwa sauti ya kutoa ushuhuda kanisani, "Haziwezi kutofautiana, walimu. Nilikuta mtoto amewapa wengine kahawa na wengine maji. Mimi nikavimimina vyote kwenye sufuria, nikakoroga, nikawagawia sawasawa. Kwangu halali mtu amenyimwa."

Uwanja mzima ulicheka. Mgeni rasmi alicheka hadi akavua miwani. Mimi machozi yalinilenga, na hayakuwa ya kicheko. Lakini Mwalimu Halima alimkaribisha bibi mezani, akamshika mkono, akasubiri kelele zipungue.

"Jaribio halijadanganya," akasema. "Mbegu zimekunywa kinywaji kimoja, zikapumua kwa namna moja. Zingetofautiana, hapo ndipo ningeogopa. Elibariki, ulikuwa umekosa chupa ya maji matupu. Bila hiyo, kahawa haiwezi kukuambia lolote."

Kisha akamwomba baba ampe Jumamosi moja zaidi. Baba aliinua uso, na ndipo nilipoona kwamba naye alikuwa akijikaza asicheke mbele ya mama yake. Akasema atakuja, kwa sababu tangu azaliwe anapalilia kahawa na hajawahi kuambiwa inafanya nini.

Tulipopanda mlima kurudi nyumbani nilikuwa nimenuna, nikipiga mawe teke. Bibi akaniacha ninune mpaka tulipofika kwenye daraja la mti, akasimama kupumzika. Hakupandisha sauti. "Uliniletea wageni jikoni, hukunitambulisha ni akina nani wala wanakula nini. Nilikuuliza, ukanifungia mlango. Sasa mgeni nisiyemjua nitamlisha vipi, kama si kwa desturi yangu?"

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hawakusema kitu juu ya anayeulizwa akakataa kujibu, pengine waliona aibu kumtaja. Pale pale darajani nikakaa chini nikamweleza yote, pumzi ya mbegu, chokaa, kafeini. Aliniuliza maswali mengi kuliko darasa letu zima. Kilichomsumbua ni kimoja tu: mbona hizo za maji zinyimwe? Nikamwambia hazinyimwi, zinatusubiri, tupate kujua wenzao wamekuwaje. Akalifikiria hilo hadi nyumbani.

Juma lililofuata alikuwa mlinzi. Alikaa na yale mabakuli kama mkunga. Wadogo zangu walipokaribia walionyeshwa mwiko. Nilimsikia akiongea na bakuli la kwanza, akiliambia livumilie, siku yake ya kahawa itafika, sasa hivi lina kazi.

Jumamosi tulikuwa wachache darasani, na hakukuwa na hotuba. Maji ya chokaa kwenye chupa ya maharage yaliyolowa maji matupu yaligeuka meupe kwanza, tukayaona kwa macho yetu. Ya kahawa nyepesi yakafuata kwa kuchechemea. Ya kahawa nzito yalibaki angavu, kana kwamba mbegu zile zimekatazwa kupumua. Mimi niliyeapa kwamba kahawa itaziamsha nilikuwa nimekosea kabisa, na sijawahi kufurahia kukosea kama siku ile. Bibi akapiga kofi moja la mshangao, akasema kumbe yeye ndiye aliyewaonea wale wa kwanza kwa kuwagawia kahawa. Baba aliinama akazitazama chupa muda mrefu. Kisha akaniambia, hata hakunitazama, "Mjomba wako itabidi atafute kijana mwingine." Nilitoka nje nikalia nyuma ya darasa kwa furaha, na umri huu wote nimeula katika kazi ya mbegu.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana hadithi bila nasaha ni kibuyu kitupu. Nawaona vijana wa siku hizi, mtihani ukikaribia, kila mmoja na kopo lake la kinywaji cha kuongeza nguvu. Nikiwauliza wananiambia, babu, bila hii kichwa hakifanyi kazi. Mimi sigombani nao. Nauliza tu: umejuaje? Chupa yako ya maji matupu iko wapi? Ni lini ulisoma bila hicho kopo, ukalala vizuri, ukalinganisha? Na si vinywaji tu. Kabla hujasema rafiki fulani amekujenga, au mji umekufungua macho, au ndugu yako amekurudisha nyuma, tafuta cha kulinganisha nacho. Kitu kinachonywewa na wote hakijulikani ladha yake.

Na kile ulichojifunza, kifungulie mlango nyumbani. Mama yako akikuuliza unasoma nini, usimjibu kwamba hataelewa. Mweleze. Akielewa atakuwa mlinzi wako. Usipomweleza atakusaidia kwa upendo wake wote, na wewe utaona kilichompata Elibariki.

Juzi Neema alinikalisha, akanieleza chupa moja baada ya nyingine, ipi ya nini. Tangu hapo kila asubuhi nazipita kwa adabu, naipa ya maji matupu salamu yake.

Mungu akupe, mwanangu, mwalimu wa kukuuliza swali gumu, na mtu mzima wa kukukemea darajani bila kupandisha sauti. Ukikosea, ukosee mbele ya wanaokupenda. Na mbegu zako, popote utakapoziloweka, zipumue.