Midundo ya Mzee Ngassa

Mwalimu Wilbard alifundisha hisabati Kahama, na aliamini kila ugomvi una jibu lake. Ugomvi wa kwao ulikuwa wa ngoma. Baba yake, Mzee Ngassa wa Ushetu, aliwapigia Bagalu, kundi moja la ngoma za Kisukuma. Mjomba wake Boaz aliwapigia Bagika, mahasimu wao. Tangu ujana walishindana uwanjani baada ya mavuno, na kila mmoja akawa na midundo aliyoificha kuliko dawa.

Mikono ya baba ilipoanza kutetemeka, Wilbard akaamua kuihifadhi midundo kwenye kompyuta. Pigo la kulia akaliita A, la kushoto B. Kwa mwanahisabati, lugha ni mkusanyiko tu wa mifuatano ya herufi inayokubalika. Basi akaiandika lugha ya baba, kisha ya mjomba, na programu ikawa inaweza kutaja kila mdundo wa mzee yeyote kati yao.

Angeishia hapo, angesalimika. Lakini mpatanishi haachi kuchokonoa. Programu ilijua kuchanganya lugha mbili kwa namna mbili: kuchukua midundo yote ya wote wawili, au kubakiza ile tu inayofanana kwa wote. Wilbard akachagua kufanana, eti ndiko kwenye amani. Lugha mbili za mwanzo, pamoja na sauti alizorekodi, akazifuta, wazee wasipate tena la kugombania.

"Umeniweka humo, ng'wanawane, mwanangu?" baba aliuliza.

"Umo, baba. Wewe na mjomba, pamoja."

Mzee akacheka mpaka akakohoa.

Mvua zilipoisha alifariki. Msibani, Boaz alimfuata mpwa wake, macho mekundu.

"Tumpigie mdundo wake ule wa kuingilia uwanjani. Alinificha maisha yote, mshenzi yule. Leo nifunze, nimuage nao."

Wilbard akafungua kompyuta, akawa anasoma herufi na kuzigonga kwenye kiti. Boaz akainamisha kichwa kusikiliza.

"Huu naujua. Huu pia. Endelea."

Akaendelea mpaka mwisho.

"Mwalimu, hii yote ni yangu," Boaz alisema taratibu. "Ya kwake iko wapi?"

Wilbard alijuta: midundo aliyoificha baba haikufanana na ya mtu, ndiyo aliyoifuta. Alijaribu kuukumbuka ule mdundo, akapata mapigo matatu tu. Mjomba hakumlaumu, alivaa ngoma yake, akatangulia mbele ya jeneza kuelekea makaburini. Mzee Ngassa akazikwa kwa midundo ya mpinzani wake.