Mmea Uliozunguka Sebule ya Nyanya

Juzi jirani yangu hapa mtaa wa Dallas, Embu mjini, aliniita nikaone filodendroni aliyonunua. Ilikuwa na majani matano ndani ya chungu cheupe, naye ameshika simu akisoma jinsi ya kuitilia maji. Nilijizuia nisicheke, nikashindwa. Rafiki yangu, mimi ni mtu wa kusomewa filodendroni? Mmea wa nyanya yangu, mama mzaa baba, ulizunguka sebule yake karibu yote, na aliyeutunza ni mimi.

Nyumba ya nyanya ilikuwa ya mbao, huko juu kwenye mashamba ya kahawa. Mmea wenyewe ulikaa ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia uliotobolewa chini kwa msumari, karibu na dirisha lakini jua lisiufikie. Kutoka hapo ulitambaa ukutani kwa uzi na misumari, ukapita juu ya picha ya harusi, ukaelekea mlangoni. Nyanya aliutoa Meru kwa mama yake alipoolewa huku. Mama yake alipofariki, hakubakiwa na kitu kingine chochote kutoka mkononi mwake.

Nilipofika miaka tisa alinikabidhi. Kila Jumamosi, githeri ikitokota jikoni, nilipanda kwenye stuli na kitambaa chenye maji na tone la maziwa, nikapangusa jani moja moja mpaka ling'ae. Kumwagilia kulikuwa na sheria yake. "Uliza mchanga kwanza," nyanya alizoea kusema, yaani tia kidole, na kikitoka na unyevu, enda zako.

Sasa, kina mama wa kanisa walikuwa wakitembeleana kwa zamu, na ya nyanya ilikuwa imebakisha wiki tatu. Nilitaka mmea ufike mlangoni kabla yao. Babu alikuwa ametoka kutia kahawa mbolea ya duka, na nilishaona vile kahawa hukolea kijani baada ya hapo. Nikachota konzi nzima, nikamwaga mkebeni.

Kufikia Jumatano majani yalikuwa yameungua kingo. Jumapili yakaanguka juu ya vitambaa vya kochi. Nilimfuata nyanya jikoni nikaungama, nikilia mpaka kwikwi. Aliongoza hadi sebuleni, akapapasa mabua moja moja kuanzia mkebeni.

"Hii maua ilitoka kwa mama yangu," akasema. "Lete kisu. Na ulete zile gilasi za wageni."

Tulikata vipande vilivyokuwa bado vizima, kila kimoja chini kidogo ya kifundo, tukavisimamisha kwenye maji ndani ya gilasi sita ambazo hazikuguswa ila Krismasi. Nilibadilisha maji kila asubuhi kabla ya shule. Siku ya kumi na mbili nikaona mzizi mweupe, mdogo kama jino la mtoto. Nilipiga kelele mpaka mbuzi wakashtuka.

Kina mama walikuja, wakanywa chai, kisha mmoja akauliza mmea ulienda wapi. Nilitamani sakafu inimeze. Nyanya akanivuta katikati ya sebule.

"Huyu ndiye aliiua," akasema. "Na huyu huyu ndiye ameifufua. Mkitaka yenu, muombe yeye."

Walicheka, halafu wakaniomba kweli. Mama mmoja alikuwa anahamia Ishiara kwenye joto, nami nikamwonya asiuweke juani. "Sawa, mwalimu," akajibu, mtu mzima na kilemba chake. Vipande vitano vilienda, kimoja kikarudi mkebeni. Wiki hiyo nilitembea shingo juu, na nikikumbuka naipandisha tena.

Nyanya hayupo siku hizi. Nyumba ya mbao ilibomolewa, na ile ya mawe iliyojengwa hapo, hakuna anayekubali upigilie msumari ukutani. Mimea ninayo, mingi, na yote inanawiri. Ninachokosa ni mtu wa kulitaja kosa langu mbele ya watu, na bado nitoke hapo nikijivunia jina langu.