Boti Ambayo Wezi Hawakuitaka

Kitu ambacho kilipaswa kututisha mapema ni kwamba hakuna aliyeiba mota. Ilikuwa imefungwa nyuma ya boti kwa boliti mbili tu, bila mnyororo, bila mlinzi, na hapa Goma hata sufuria ukiisahau nje unakuta imeshapata mwenyewe mwingine. Lakini mimi na mume wangu tulikuwa tunaangalia bei. Rahisi ghali, wazee walisema, nasi tukajifanya hatukusikia.

Tulitaka boti ya kubebea makabichi na maharagwe kutoka Minova, maana barabara ilikuwa imetuchosha. Pesa zilikuwa zangu, za kibanda changu cha vitenge pale Mabanga. Ndoto ilikuwa yake. Muuzaji, muzee mmoja asiyependa kutazama watu usoni, alikuwa ameiweka boti katika shimo la mawe ya volkano, hatua chache kutoka ziwani. Mara ya kwanza tulienda mchana, upepo ukivuma, ikatupendeza. Mara ya pili tulienda asubuhi mapema kujaribu mota, ziwa limetulia, hata jani halitikisiki.

Niliposimama ukingoni niliona nyasi za ndani ya shimo zimekauka zote, za juu ni kijani. Hakukuwa na mjusi wala sisimizi. Ndani ya boti mbayuwayu alikuwa amelala, mbawa wazi. Mimi nimezaliwa Goma. Tangu utotoni tunajua mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kutuama mashimoni kama maji, hasa asubuhi kabla ya upepo. Haina rangi, na anayeinama ndani yake hainuki. Mume wangu ni wa upande wa Bukavu. Mazuku aliyajua kwa kusikia tu.

"Papa, usiingie," nikamwambia. "Mule iko mazuku."

"Weye na woga yako!" Akacheka, akaruka ndani ya boti, akainama kutafuta mahali mbao zinapovuja.

Kicheko kilikatika. Magoti yakamlegea, akaangukia ubavu bila kutoa sauti. Nilivuta pumzi moja kubwa nikashuka, nikamshika kwapani. Alikuwa mzito, Mungu wangu. Yule muzee alishuka pia, akamshika upande wa pili, mdomo ameufunga kabisa. Hapo nikajua kwamba alikuwa anajua.

"Ulijua!" nilimpigia kelele tulipofika juu. "Ulijua, ukanyamaza!"

"Ningesema, nani angekuya kununua?" Alikuwa anatazama mawe. "Bibi yangu aliingiaka mule asubui, kuisafisha. Hakutokaka."

Mkono niliokuwa nimeuinua kumpiga kofi niliushusha. Mke wake! Nilimwonea huruma, na bado nilimchukia.

Mume wangu alitapika, akakaa juu ya jiwe mpaka macho yakamrudia. Kisha akasema boti haina kosa, kosa ni la shimo. Tungoje upepo, tuivute majini. Ilikuwa kweli, na ukweli huo uliniudhi kuliko uongo. Nilitoa pesa.

Wiki ya kwanza alirudi kutoka Minova na mzigo mzuri, salama. Tuliposhusha makabichi, boti ilibaki imejaa matope na majani, naye, bila kufikiri lolote, akanipa ndoo na brashi, kwa kuwa kwetu kuosha ni kazi ya mama. Ufukweni upepo ulikuwa unavuma vizuri. Nilivua viatu, nikaingia, nikainama huku nimebana pumzi.