Maana ya Jina la Mdogo Wangu

Leo fundi anapaka rangi mlango wangu, na harufu yake imenirudisha Maguu, kwenye kaburi la mdogo wangu.

Mama alikuwa amezika watoto wawili kabla yake. Mke wa mwenye duka, Mwislamu, akamshauri huyu amwite Aisha, akisema maana yake ni anayeishi. Mama aliitangaza maana hiyo kila alikokwenda, na akina Aisha wakawa wengi kijijini, hata kwetu Wakatoliki. Wetu alichukuliwa na homa kabla hajaanza shule.

Fundi wa msalaba, mgeni kutoka Mbuji, aliandika jina taratibu kwa rangi.

"Jina zuri hili, mama. Maana yake nini?"

"Sijui, baba. Nililipenda tu."

Nilidhani amesahau. Nilipofungua mdomo nimkumbushe, akaubana mkono wangu.