Samaki wa Mti na Baba Mkwe Mwoga wa Maji

Miaka ya hamsini, nikiwa katekista kijana katika kijiji cha ziwani upande wa Geita, baba mkwe alikuja kutoka Shinyanga kumtazama binti yake. Kwao mtu hupimwa kwa ng'ombe, nami sikuwa na hata ndama. Alikuwa amekwisha kutuma neno: akimkuta mtoto wake ana njaa, atarudi naye.

Alifika Alhamisi jioni, wakati wa Kwaresima. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, nyama hatuli. Ilikuwa samaki au aibu.

Asubuhi nikatoa samaki wawili wa mti wenye ndoana, niliowachonga mwenyewe wawe chambo. Mmoja wa mpingo, mzuri wa kupendeza, lakini huzama kama jiwe. Wa pili wa mti mwepesi, sura mbaya. Kidevuni nilimpachika ulimi wa bati la debe. Ukimvuta, ulimi ule humpeleka chini, ukilegeza, huelea. Nilikuwa nimeukata mrefu, azame hadi kwenye kina wanakokaa mchana mbofu, wale samaki wakubwa wa masharubu. Nikamchagua huyo, nikamfunga kwa uzi wa pamba uliopakwa nta.

Baba mkwe akamgeuza mkononi. "Huyu ni samaki?"

"Ndiyo, baba."

"Na wewe ndiye unayefundisha watu wasiseme uongo?"

Mke wangu akaficha uso kwenye kanga. "Uongo wenyewe, baba, samaki hawajauamini. Wiki nzima hajapata kitu."

"Basi twende wote. Nilione hilo shamba linalomlisha binti yangu."

Mzee hakuwahi kupanda mtumbwi. Nikapiga kasia kwa nguvu bila kupumzika, kama kawaida yangu, uzi nimeuzungusha pajani, samaki wa mti akifuata nyuma majini. Kila mtumbwi ulipoyumba alishika kingo kwa mikono yote miwili.

"Simama! Simama, mkwe! Unataka watu wagawane ng'ombe zangu leo?"

Kwa heshima nilisimama. Akitulia, naendelea, tukiyumba, "Simama!" Nikamwomba Mungu anipe subira na amwondolee mzee hofu. La kwanza alinipa. La pili, namshukuru, alininyima.

Maana alipopiga kelele tena, nikasimama, uzi ukalegea, samaki wa mti akaanza kupanda juu. Hapo hapo paja langu likavutwa. Mbofu, mnene kama mkono wa mhunzi! Kelele nyingine, mbofu mwingine. Ndipo nikaelewa: wiki nzima nilikuwa napiga kasia bila kusita. Mbofu humfuata yule wa mti, lakini humshika anaposita, kama kiumbe aliyechoka.

Jioni mzee alikula, akachambua miiba polepole, mke wangu akiutazama mkono wa baba yake. Akanyoosha bakuli aongezwe mchuzi.

"Binti yangu atabaki," alisema. "Lakini hawa samaki nimewavua mimi. Wewe ulipiga kasia tu."

"Ndiyo, baba," nikajibu. Wala sikudanganya.