Magimbi ya Mama Mtaroni

Januari hii tulimzika mama yangu, Kunegunda. Waliokuja msibani walimtaja kwa sauti yake kanisani na kwa magimbi yake. Mimi naandika habari za magimbi, kwa sababu kila nikiyakumbuka nacheka kwanza ndipo nalia, na namshukuru Mungu kwamba kicheko kinatangulia.

Kwetu ni Mshangano, pembeni ya mji wa Songea, kwenye mtaa wenye mteremko. Mbele ya nyumba zetu unapita mtaro wa maji ya mvua, wa mawe, uliojengwa na manispaa. Jirani yetu wa upande wa juu ni Mwanaisha, mama aliyehamia kutoka Tunduru zamani, mimi nikiwa shule ya msingi. Nyumba yake ni ya tofali mbichi, na uwanja wake umeinama chini ya barabara. Miaka sita iliyopita, maji ya mvua mbili za kwanza za Desemba yalifurika kutoka mtaroni yakaingia kwake. Ukuta wa chumba anacholala ulilowa hadi usawa wa goti. Fundi aliubonyeza kwa kidole, kidole kikazama. Akasema mvua nyingine mbili tatu za namna ile, ukuta utalala.

Mama alilibeba jambo lile kama lake. Aliniamuru niandike barua, kwa kuwa mimi ndiye niliyefika kidato cha nne, akaipeleka mwenyewe ofisi ya mtaa. Kwenye mkutano wa mtaa alisimama bila kuitwa.

"Mtaro ni wa manispaa, waje waufukue! Au wanataka Mama Shakila akalale mlimani Matogoro na nyani?"

Shakila ni binti wa Mwanaisha. Watu walipiga makofi, na mama akaketi huku anajipepea kwa kanga.

Siku ya nne baada ya mkutano alikuja bwana mmoja mwembamba mwenye buti za mpira, akajitambulisha kwamba ni Muhsini, wa manispaa, anahusika na mitaro.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Watu wa kufukua wako wapi?"

"Leo nimekuja na utepe tu, mama."

"Utepe! Tunashonewa nguo?"

Mwanaisha alicheka, Muhsini naye akacheka. Kisha akaanza kutembea kando ya mtaro kutoka juu, akichomeka fimbo kila hatua kadhaa. Kwa Mwanaisha fimbo iligusa mawe. Hatua chache chini yake alikuta ukingo umebomoka, akaandika kwenye daftari. Alipofika mbele ya nyumba yetu, fimbo ilizama kwenye tope na kusimama yenyewe. Hapo ndipo yalipokuwa magimbi ya mama, mistari miwili, majani mapana kama sinia. Aliyapanda mtaroni kwa kuwa pana unyevu hata Septemba. Kila Jumamosi alichemsha sufuria moja, nusu yetu na nusu ya Mwanaisha, na jumuiya ya kanisa ikija kusali kwetu hakuna aliyeondoka bila kipande.

"Mama, mtaro ni wa nani?" Muhsini aliuliza kwa upole.

"Wenu. Hata kwenye barua nimesema."

"Na magimbi?"

Mama aliyatazama majani yake.

"Kujenga mtaro ni kazi yetu," Muhsini alisema. "Ule ukingo uliobomoka ni wetu, na kalavati lililo chini ya barabara ni letu. Lakini mbele ya kiwanja chako, kufyeka, kuzoa taka, kutopanda kitu, hapo ni wewe mama. Maji yakifika kwako yanakuta magimbi, yanarudi nyuma, yanaingia kwa jirani."

Nilimwona mama akigeuka kuutazama ule ukuta uliolowa. Mwanaisha akawahi kusema, "Wallahi na mimi nimeyala, kila Jumamosi. Kama ni dhambi, dada, tugawane."

Mama aliingia ndani. Siku mbili alikwenda misa ya asubuhi, akarudi, akaketi jikoni na rozari. Mawingu yalikuwa yamekalia milima ya Matogoro, na Mwanaisha alikuwa amehamishia godoro lake sebuleni. Siku ya tatu mama alijifunga kanga mbili, akachukua jembe, akaingia mtaroni. Nilitaka kumsaidia, akakataa.

"Nilipoyapanda ulikuwepo?"

"Hapana."

"Basi lete maji ya kunywa."

Aliyang'oa yote. Mbegu alikwenda kuzipanda bondeni nyuma ya nyumba, tope akalitoa kwa karai hadi mawe yakaonekana. Mkutano uliofuata alisimama tena.

"Mlinipigia makofi. Naomba kuyarudisha," alisema. "Aliyeziba mtaro ni mimi. Nimeshaungama kwa padre, lakini padre hakai mtaa huu."

Watu walicheka sana. Wiki ile ile nilihesabu wanne wakifukua mbele ya nyumba zao, na mmoja alikuwa anang'oa miwa. Mafundi wa manispaa nao walikuja wakajenga ule ukingo.

Mvua kubwa ilikuja siku ya pili baada ya Krismasi, mchana. Mama na Mwanaisha walisimama barazani kwa Mwanaisha wakitazama maji mekundu yakishuka. Yalijaa mtaro hadi juu, yakapita mbele yetu yakienda zake. Mvua ilipokatika mama aliingia chumbani kwa Mwanaisha, akaweka kiganja ukutani, chini kabisa.

"Pakavu," alisema.

"Alhamdulillah."

"Tumsifu Yesu Kristo."

Tangu hapo kila baada ya mvua kubwa alikwenda kuugusa ukuta ule, kisha akarudi amechangamka. Hata mwaka jana, miguu ilipokwisha nguvu, alinituma mimi, na nikirudi aliuliza, "Umeweka mkono, au umetazama tu?"

Siku ya mazishi yake mvua ilinyesha padre akiwa bado anasoma. Watu walijibana chini ya turubai. Chupa za maji zilizotupwa na waombolezaji zilianza kuelea mtaroni, zikijikusanya mbele ya geti letu. Nilikuwa nimeketi kando ya jeneza. Nikamwona Mwanaisha, amelowa chapachapa, yuko mtaroni na jembe la mama, anazitoa moja moja.

"Nyie, mtaro huu una mwenyewe!" aliwafokea wajomba zangu. "Leo amelala. Teremkeni!"

Wakateremka na suti zao.

Jioni, tuliporudi kutoka makaburini, wanawake walikuwa wamechemsha magimbi ya bondeni. Kabla sijala nilikwenda kwa Mwanaisha, nikapiga magoti chumbani kwake, nikaweka kiganja changu chini kabisa ya ukuta. Palikuwa pakavu. Nilibaki hapo kidogo, nikisali, kisha nikaenda kula.